Gari linamisi? Itafute silinda kwanza, duka la spea baadaye

Corolla yangu ni namba A. Wanaozijua namba za magari ya Tanzania wameshanielewa: ni gari la siku nyingi. Ni AE110 yenye injini ya 5A-FE, lita moja na nusu, distribyuta (kigawa umeme wa plagi) na nyaya nne za plagi. Mshahara wa mwalimu ndio unaoitunza. Masika yaliyopita, hapa Tanga, lilipoanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake, sikuwa na uwezo wa kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka litengemae. Lakini hiyo ndiyo njia niliyopewa gereji.

Fundi aliliwasha, akalisikiliza kidogo, akasema: "Mwalimu, hapa ni pampu ya mafuta. Tunaweka pampu, ikikataa tunaosha nozeli, ikikataa tena tunatafuta kontroboksi ya used."

Nikamuuliza, "Fundi, pampu umeijuaje?"

"Gari hizi ndio ugonjwa wake, mwalimu."

(Nozeli ndiyo inayoinyunyizia silinda petroli, na kontroboksi ndiyo kompyuta ya injini.) Hakuwa ametoa hata plagi moja. Ni kijana mwenye mikono mizuri, nimeona akifunga gia boksi ikakaa. Ila kila "ikikataa" moja inalipiwa na mwenye gari, na kifaa kilichobadilishwa bure hakirudishwi dukani. Nilimshukuru, nikalirudisha gari nyumbani. Naandika nilivyolipima kwa sababu nawaona wenzangu wengi, wanawake hasa, wakilipa "ikikataa" tatu nne kabla ya kufikia kitu kilichoharibika kweli.

Kabla ya kufungua boneti, ziandike dalili kwenye karatasi. Zangu zilikuwa hizi. Likiwa sailensa, mguu hauko kwenye mafuta, usukani ulitetemeka na kioo cha ndani kilicheza hadi gari la nyuma halionekani vizuri. Asubuhi iliyofuata mvua ya usiku lilikuwa baya zaidi, likipata moto linatulia kidogo. Kwenye tambarare ya kwenda Muheza lilivumilika, lakini kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto lilikuwa linashtuka, linavuta na kuacha. Moshi wa ekzosi ulinuka petroli mbichi na kuchoma macho. Tena lilikuwa linakula mafuta kuliko zamani.

Kila dalili hapo ina jambo inalosema. Ubaya wa asubuhi yenye unyevu unaelekeza kwenye umeme wa plagi. Umeme ule ni wa maelfu mengi ya volti, na ukipata mahali penye ufa na maji hupita hapo, hauendi tena kuruka kwenye ncha ya plagi. Kushtuka mlimani kunaelekeza kulekule. Injini ikibeba mzigo, hewa na petroli inayobanwa ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji volti kubwa zaidi ili iruke. Waya dhaifu unaojikongoja kwenye tambarare hushindwa mlimani. Nayo harufu ya petroli mbichi inasema mafuta yanafika ila hayaungui. Pampu iliyochoka huinyima injini mafuta, haiimwagii. Kwa hiyo pampu niliiweka mwisho kabisa wa orodha yangu hata kabla sijashika spana.

Kipimo cha kwanza hakina gharama, na nasikitika kwamba wenye magari haya wengi hawakijui. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kijisanduku cheusi cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukikifungua, upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya majina ya matundu. Tafuta TE1 na E1. Nyoosha kibanio cha karatasi au chukua kipande cha waya, uyaunganishe matundu hayo mawili tu. Soma ramani mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu humo kuna matundu mengine yenye umeme wa betri, na ukikosea utaunguza kitu. Kisha fungua switchi bila kupiga starti, AC ikiwa imezimwa na gia iko huru, uangalie taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, 31 ni sensa ya mgandamizo wa hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wa mafuta. Ukimaliza kurekebisha, chomoa fyuzi ya EFI kwa muda usiopungua sekunde kumi ili kumbukumbu ifutike.

Taa yangu ilipepesa mfululizo, hakuna kosa. Wapo wanaokata tamaa hapo na kusema kipimo hakikusaidia. Kilinisaidia sana. Kompyuta ya umri huu haina uwezo wa kuijua silinda iliyomisi. Inachojua ni sensa iliyokatika au inayotoa kipimo kisichowezekana. Kunyamaza kwake kuliniambia nisinunue sensa yoyote kwa sasa.

Sasa silinda. Injini yenye silinda nne ni kama watu wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: ukizoea mdundo wao, mmoja akikosa zamu yake unasikia pengo, lakini ukiwa nje ya uzio huwezi kusema ni nani. Ili umjue, unamsimamisha mmoja mmoja. Akisimama aliyekuwa anatwanga, mdundo unaharibika zaidi. Akisimama aliyekuwa amekwisha kuacha, hakibadiliki kitu.

Gereji nyingi hufanya hivyo kwa kung'oa waya wa plagi injini ikiunguruma. Usifanye hivyo. Unaweza kupigwa na umeme mkali, na ule umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au ignita, vinavyotengeneza umeme wa plagi, na hapo umejitafutia gharama nyingine. Chomoa soketi ya nozeli, ule mdomo wa plastiki wenye nyaya mbili ulio juu ya kila nozeli. Ukichomoa huo, silinda inakosa petroli na kutulia kwa usalama, na wala humwagi mafuta mabichi kwenye ekzosi. Anzia upande wa mkanda wa taimingi, hapo ndipo silinda ya 1 ilipo. Chomoa, sikiliza palepale, rudisha, subiri sailensa itulie, nenda ya pili. Sikiliza sekunde ile ile unapochomoa, maana baada ya hapo valvu ya sailensa inaongeza hewa kufidia na unaweza kudanganyika.

Ya 1: injini iliinama na usukani ukatikisika. Ya 2 vilevile. Ya 3: hakuna lolote, mlio ule ule, mtetemo ule ule. Ya 4 ilitaka kuzima kabisa.

Nilifurahi. Tatizo lilikuwa limetoka kwenye "gari zima" na kubaki kwenye silinda moja. Vitu vinavyohudumia silinda zote nne kwa pamoja, kama pampu, koili na kontroboksi, haviwezi kirahisi kuiacha moja tu ife na kuzihudumia tatu. Kilichobaki ni vya silinda ya 3 yenyewe: plagi, waya, pini ya distribyuta inayoupeleka umeme huko, nozeli, au kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa). Vitano tu, na vitatu vya kwanza vinapimika kwa vifaa vya nyumbani.

Injini ilipopoa nilivuta waya wa 3. Kwenye injini za A-FE kama yangu plagi zimezama ndani ya visima virefu katikati ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Waya ulitoka na oili. Nikamulika tochi kisimani: oili imesimama, plagi imezama nusu. Visima vingine vilikuwa vikavu, isipokuwa cha 2 kilichokuwa na unyevu kidogo. Ukikuta hivyo, usifungue plagi palepale, oili yote itaingia kwenye silinda pamoja na mchanga. Mimi nilinunua bomba la sindano duka la dawa, nikalivalisha kimpira chembamba, nikainyonya oili, kisha nikafuta kisima kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

Oili ile hutoka juu. Pete za mpira zinazozunguka vinywa vya visima, pale tapeti kava inapokaa, hukaushwa na joto la miaka, zikawa ngumu mithili ya plastiki, na oili inayorushwa na kemshafti ikapata njia. Ni ugonjwa wa uzee wa kawaida kabisa. Watu wengi huona gari halivuji chini, wakadhani halivuji kabisa.

Plagi zote nne nilizipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa silinda. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu kwenye ncha. Masizi makavu meusi maana yake petroli ni nyingi. Unyevu wa petroli maana yake hakukuwa na cheche. Oili kwenye ncha, si kwenye kauri ya juu, maana yake ringi au mipira ya valvu imechoka, na hiyo ni habari nyingine nzito. Ya 3 ilikuwa imelowa petroli. Nyingine tatu zilikuwa na masizi makavu, meusi kuliko inavyotakiwa. Hilo la masizi nililiandika pembeni, nitalirudia.

Nikaifuta plagi ya 3 vizuri, nikaipeleka silinda ya 1, na ya 1 nikaileta 3. Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote, maana haugharimu kitu: hamisha kifaa, uone kama ugonjwa unahama nacho. Niliwasha, nikarudia kipimo cha soketi. Silinda ya 1 bado inafanya kazi, ya 3 bado imekufa. Basi plagi haikuwa na kosa.

Nikaja kwenye waya. Kipimo kinachotajwa na Toyota kwa nyaya hizi ni kwamba ukinzani wa kila waya usizidi kiloomu 25. Nilipima kwa mita ya kawaida. Zote nne zilikuwa chini ya hapo, hata wa 3. Hapa ndipo wengi wanaposema "waya mzima" na kwenda kununua nozeli. Mimi nafundisha fizikia, na hili ndilo ninalowaambia wanafunzi kila mwaka: mita inapima kwa volti chache za betri yake. Inakwambia kama uzi wa ndani haujakatika. Haikwambii lolote kuhusu ganda la mpira, kama linaweza kuzuia volti elfu kumi na zaidi zisitoroke pembeni. Kwa hilo unahitaji giza.

Usiku, taa za uani zimezimwa, nikaliwasha na boneti iko wazi. Mtoto wa kaka yangu alishika chupa ya kunyunyizia maji, ile ya nguo za kupiga pasi, akanyunyiza ukungu mwembamba tu juu ya nyaya, mikono mbali na feni na mkanda. Hatukungoja.

"Shangazi, hapo! Umeona?"

Cheche ya bluu ilikuwa inaruka kutoka kwenye kofia ya waya wa 3 kuingia ukutani kwa kisima, tena kwa mlio wa tik-tik. Tulipoitoa kofia ile na kuiangalia, mpira ulikuwa umevimba na kulainika kwa oili, na ubavuni kulikuwa na tundu dogo jeusi lililoungua. Umeme ulikuwa unatorokea hapo, haushuki kwenye plagi kabisa.

Sasa, na si kabla, nikaenda dukani. Nilinunua seti ya nyaya mpya, si za used, kwa sababu nyaya za used huja na mpira uliokwisha kukauka kwenye gari jingine. Nikanunua gasketi ya tapeti kava pamoja na pete za visima. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka na pete, maana wengine wanakupa gasketi ya pembeni tu. Plagi nilibadilisha zote nne kwa kuwa zilikuwa za siku nyingi. Plagi za NGK zenye 11 mwishoni mwa namba yake zina pengo la milimita 1.1, lakini zipime hata hivyo, kwa sababu plagi ikianguka dukani ncha yake hujikunja. Plagi feki zipo tele, kwa hiyo nilinunua kwa muuzaji aliyekubali nirudishe.

Kufunga tapeti kava kunataka mkono mwepesi. Safisha nyuso zote mbili, weka silikoni kidogo kwenye kona tu, kaza nati kwa zamu bila kutumia nguvu. Kuna mafundi wanaopaka silikoni mzunguko mzima badala ya gasketi. Kataa. Vipande vyake vinaweza kumeguka, vikaanguka ndani na kuishia kwenye chujio la pampu ya oili, na injini inayokosa oili haina cha kuzungumza tena. Kifuniko cha distribyuta nilikifungua pia. Kwetu pwani, hewa ya chumvi hufanya pini zake ziote ukungu wa kijani. Nikazisugua, nikakagua kama kuna ufa mwembamba, nikakirudisha. Nyaya rudisha moja moja ili usiharibu mfuatano, ambao kwa injini hii ni 1-3-4-2.

Gari liliamka na silinda zote nne. Ila yale masizi kwenye plagi tatu yalikuwa bado hayajajibiwa, na waya wa 3 haukuweza kuyaeleza. Plagi zote zikiwa nyeusi, sababu ni ya wote. Eakilina (chujio la hewa) ilikuwa safi. Nikaanza kufuatilia vimipira vya hewa, na kimoja chembamba kinachotoka kwenye manifodi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini) kwenda kwenye sensa ya mgandamizo ukutani nyuma ya injini kilikuwa kimepasuka mwishoni. Sensa ile ndiyo inayoiambia kompyuta injini inavuta hewa kiasi gani. Ikivuta hewa ya nje kwa pembeni, inadhani injini imebeba mzigo mkubwa, na kompyuta inaongeza petroli. Haikuandika kosa 31 kwa sababu kipimo kilikuwa cha uongo lakini bado kinawezekana. Nilikata kile kipande kilichopasuka, nikachomeka sehemu nzima, basi. Shilingi hata moja haikutoka. Ulaji wa mafuta ulirudi kwenye kawaida yake.

Kama silinda ya 3 ingebaki imekufa baada ya waya, ningepima nozeli. Ukinzani wake kwa injini hii ni kama omu 13 hadi 14, na bisibisi ndefu ukiiegemeza kwenye nozeli na mpini sikioni unasikia ikigonga. Baada ya hapo kompresheni, kwa geji ya kuazima gereji, throto imefunguliwa mwisho. Kwa jamii ya injini hizi usomaji mzuri uko juu ya 180 psi, na silinda iliyoshuka chini ya 140 imechoka. Hapo ndipo ningekaa chini na kufikiria kama gari linastahili pesa hiyo.

Usiendelee kuendesha gari linalomisi wiki hadi wiki ukisubiri mwisho wa mwezi. Petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi), na yakipata joto hilo huyeyuka na kuziba ekzosi, na petroli nyingine hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kama huna pesa ya waya leo, chomoa soketi ya nozeli ya silinda ile iliyokufa, ujikokote taratibu hadi nyumbani, ulipaki.

Ile kofia yenye tundu nilimpelekea fundi wangu. Aliigeuza juani kwa muda, akaniomba imbakie awaonyeshe vijana wake. Nikamwachia. Kubana stabilaiza amenifanyia yeye yule juzi, na kazi yake ni safi.

Walioniuliza kuhusu Vitz, IST na Raum zenye injini ya 1NZ: njia ni ile ile, vifaa tu vinatofautiana. Hakuna distribyuta wala nyaya ndefu, kila plagi ina koili yake juu. Kwa mashine ya kupima, kosa P0302 linamaanisha silinda ya 2 inamisi. Usinunue koili bado. Hamisha koili ya 2 uiweke 3, futa kosa, endesha. Likirudi likiwa P0303, koili ndiyo mgonjwa, nunua moja tu. Likibaki P0302, koili ni nzima, hamisha plagi sasa.